Kutoka Kipushi mpaka BAL: siku 11 za Kongo, kisha mlango ukafungwa

Katika Katanga, Jumamosi inaitwa siku ya posho. Jina hilo linatoka wakati wa Union Minière, wafanyakazi wa shimo walipokuwa wanapewa chakula chao cha juma siku hiyo. Posho yenyewe haiko tena, lakini jina limebaki, na mazoea ya kutoka nje kutazama vijana wakicheza yamebaki pia. Kipushi, karibu kilometa 30 kutoka Lubumbashi, pale mpakani na Zambia, mtu akisema mpira anafikiri wa miguu: Mazembe ao Lupopo, hakuna wa katikati. Basiketi ni ndugu mdogo. Inachezwa juu ya simenti, chini ya jua, na kukinyesha inaachwa.

Tuchukue basi mtoto wa Kipushi wa miaka 15, mrefu kupita wenzake, mwenye mikono mizuri. Anataka basiketi imulishe, asiwe mtu wa kuicheza tu kisha kurudi nyumbani na njaa. Apitie wapi? Zamani jibu lilikuwa moja: atafute avioni ya kwenda bulaya. Tangu mwaka 2021 kuna jibu la pili. Afrika ina ligi yake ya wachezaji wa kulipwa, Basketball Africa League, ile inayojulikana kwa kifupi BAL. Na Kongo ilishaicheza, mara moja, katika msimu wa pili, mwaka 2022. Msimu huo unastahili kukumbukwa vizuri, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho basiketi ya Kongo inacho na kila kitu inachokosa.

BAL ilitangazwa mwezi wa 2 mwaka 2019 na NBA ya Marekani pamoja na FIBA, shirikisho la basiketi la dunia. Ilipaswa kuanza Dakar mwezi wa 3 mwaka 2020. Korona ikaifunga kabla ya mechi hata moja. Ilianza kweli tarehe 16 mwezi wa 5 mwaka 2021, ndani ya ukumbi mmoja tu wa Kigali, ekipe 12 zikikaa pamoja kwa wiki mbili. Zamalek ya Misri ikabeba kombe. Wengi walioitazama mwaka huo walivutwa na mwimbaji J. Cole, Mmarekani aliyevaa jezi ya Patriots ya Kigali kwa mechi chache. Ilikuwa matangazo mazuri. Lakini kwa Wakongomani hakukuwa na ekipe ya kushangilia.

Mwaka uliofuata ligi ilipanuka. Ekipe 12 ziligawanywa katika makundi mawili: kundi la Sahara lilicheza Dakar mwezi wa 3, kundi la Nile likacheza Kairo kuanzia tarehe 9 mpaka 19 mwezi wa 4, na wanne bora wa kila kundi wakaenda kumalizia Kigali mwezi wa 5. Inchi sita zilikuwa na nafasi ya moja kwa moja kwa bingwa wao: Angola, Misri, Maroko, Rwanda, Senegali na Tunisia. Nafasi sita zilizobaki ziligombewa katika mechi za mchujo. Ndipo Espoir Fukash, klabu ya Kongo, ilipita pamoja na FAP ya Kameruni na SLAC ya Gine. Kwa mara ya kwanza bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia katika BAL.

Kairo haikuwa na huruma. Kundi lilikuwa na Zamalek, bingwa mtetezi aliyekuwa nyumbani kwake, Petro de Luanda, klabu kubwa ya jirani yetu wa Angola, FAP, Cape Town Tigers ya Afrika Kusini, na Cobra Sport ya Sudan Kusini. Kila ekipe ilicheza na nyingine zote tano, karibu kila siku ya pili, ndani ya siku 11. Ekipe isiyozoea mwendo huo inaanza kuchoka mechi ya tatu, na miguu ikichoka hata mutupo mwepesi unagonga chuma. Zamalek, Petro, FAP na Cape Town Tigers ndizo zilizosonga mbele. Espoir Fukash ilirudi nyumbani na Cobra Sport.

Wanne hao hawakuwa wepesi. Petro ilifika mpaka fainali, ikiwatoa Zamalek njiani, na FAP ikafika nusu fainali. Tarehe 28 mwezi wa 5 US Monastir ya Tunisia iliishinda Petro 83 kwa 72 na kubeba kombe. Kwa hiyo ekipe ya Kongo iliangukia kundi lililotoa timu tatu kati ya nne za nusu fainali. Mtu akiisema vibaya Espoir Fukash akumbuke hilo.

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wengi wa Kongo hawakulitia maanani mwaka ule. Miezi ile ya 2022 ilikuwa labda miezi mizuri kuliko yote kwa Wakongomani wa basiketi, lakini karibu yote ilitokea mbali. Mwezi wa 3, Bismack Biyombo, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1992 na aliyekuwa anacheza Phoenix wakati huo, alitangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu ule, zaidi ya dola milioni moja, utajenga hospitali Kongo kwa kumukumbuka baba yake aliyekufa mwaka 2021. Mwanzo wa mwezi wa 4, Oscar Tshiebwe, naye mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 1999, alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani akiwa Kentucky, na wastani wa pointi 17,4 na ribaundi 15,1 kwa kila mechi. Ribaundi ni mipira inayogonga kikapu na kurudi, na kuipata mara 15 kila mechi ni kazi ya mtu anayekataa kuchoka. Siku chache baadaye Espoir Fukash ikaingia uwanjani Kairo. Mwezi wa 6, Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, akiwa na miaka 19, akawa bingwa wa NBA na Golden State.

Kwa hiyo ndani ya miezi minne: watoto wawili wa Lubumbashi na mmoja wa Goma juu kabisa, na klabu ya inchi yao ikitoka kundini. Hakuna kati ya hao watatu aliyejengwa na ligi ya Kongo. Biyombo aliondoka kijana, akaonekana na kocha mgeni katika mashindano huko Mashariki ya Kati, akapitia Fuenlabrada huko Uispania. Mwezi wa 4 mwaka 2011, katika mechi ya vijana bora wa dunia kule Portland, alifunga pointi 12, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika mechi hiyo. Miezi miwili baadaye NBA ilimuchagua namba 7. Kuminga aliondoka Goma kwenda Marekani akiwa na miaka 13. Tshiebwe alimalizia masomo ya sekondari Marekani. Kabla yao wote, Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2024, alikuwa ameenda Georgetown kusoma.

Na tusiwasahau wamama, kwa maana mara nyingi wanasahauliwa. Wakati inchi ingali Zaire, ekipe ya taifa ya wanawake ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, na ikaenda Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Wanaume wa Kongo hawajafika hapo hata siku moja. Lakini BAL ni ligi ya wanaume, kwa hiyo msichana mrefu wa Kipushi, hata leo, hana jibu la pili. Ana lile la zamani tu.

Swali linalobaki ni kwa nini Kongo haikurudi. Misimu ya 2023, 2024 na 2025 ilipita bila klabu ya Kongo. Sababu ya kwanza iko katika namna ligi yenyewe ilivyojengwa. BAL haimilikishi klabu kiti cha kudumu. Kila mwaka klabu inapaswa kuwa bingwa kwao, kisha, kama inchi yake haina nafasi ya moja kwa moja, ipitie mchujo upya. Hata Zamalek, bingwa wa kwanza, haikuonekana msimu wa 2023. Misimu mitano ya kwanza ilitoa mabingwa watano tofauti: Zamalek, Monastir, Al Ahly ya Kairo, Petro, kisha Al Ahli ya Tripoli, Libya, iliyoifunga Petro 88 kwa 67 kule Pretoria tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka 2025. Mtindo huu unaumiza wale wasiokuwa na ligi ya kawaida nyumbani. Klabu inayocheza wiki kwa wiki mwaka mzima inaweza kukosa msimu mmoja na kurudi. Klabu inayongoja mashindano yaitishwe inaanza kutoka sifuri kila mara.

Mtu akitazama ramani anaona aibu kidogo. Kongo ina majirani tisa. Mpaka msimu wa 2025, sita kati yao walikuwa wameshapeleka klabu katika BAL: Angola, Rwanda, Burundi, Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wakati huo walikuwa bado Zambia, Tanzania na Kongo-Brazzaville. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011 tu. Bangui ilipeleka klabu yake mwaka 2024. Inchi hizo hazina watu wengi kama Kongo.

Sababu ya pili kila Mkatanga anaijua bila kuambiwa: ukubwa wa inchi. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1.500 kwa ndege, na kwa barabara hakuna anayepeleka ekipe ya watu 15 pamoja na mizigo yao. Goma, Bukavu, Kisangani, Mbuji-Mayi: kila safari ni tiketi ya ndege. Kinshasa ina ligi yake ya jimbo, Liprobakin. Lubumbashi ina mashindano yake. Lakini kwa miaka mingi ubingwa wa taifa umechezwa kwa namna ya Kombe la Kongo, ekipe za majimbo zikikusanyika katika muji mmoja kwa siku chache. Bingwa anajulikana, kweli. Lakini bingwa huyo amecheza mechi ngumu chache tu mwaka mzima. Halafu anapelekwa kwa Petro, ambayo inacheza ligi ya Angola miezi na miezi. Mazembe ya Lubumbashi, ambayo ekipe yake ya basiketi iliwakilisha Kongo barani kabla ya BAL kuzaliwa, ilikutana na ukuta huo huo.

Sababu ya tatu ni paa. Inaonekana ndogo, lakini labda ndiyo nzito kwa Kipushi. Kwetu Katanga mvua inaanza karibu mwezi wa 11 na kuendelea mpaka mwezi wa 4. Mchujo wa BAL unachezwa kati ya mwezi wa 10 na wa 12, na ligi yenyewe inaanza mwezi wa 3 ao wa 4. Yaani wakati ambao klabu inapaswa kuwa katika hali nzuri kuliko yote ni wakati ambao uwanja wa nje umejaa maji. Simenti yenye maji inavunja magoti. Ubao wa nyuma ya kikapu unaoza. Mtoto anayejifunza kupiga mutupo wa mbali nje, penye upepo, anajifunza kitu kingine kabisa akiingia ndani ya ukumbi.

Rwanda iliona jambo hilo mapema. Ukumbi wa Kigali, wenye viti 10.000, ulijengwa ndani ya miezi michache na kufunguliwa mwaka 2019. Miaka miwili baadaye BAL ikaanzia humo. Senegali ilikuwa na Dakar Arena, yenye viti 15.000, tangu 2018. Kinshasa ilipata kumbi za ndani pale Tata Raphaël kwa ajili ya Michezo ya Francophonie ya mwaka 2023. Huko Katanga kijana anangoja mvua ipite.

Kipushi haihitaji viti 10.000. Inahitaji paa moja na ubao chini. Na tofauti na miji mingi ya Kongo, Kipushi inaweza kuuliza swali hilo mbele ya feza halisi. Shimo lake, lililofunguliwa wakati wa Union Minière na kuendeshwa baadaye na Gécamines, lilisimama mwaka 1993. Kwa miaka zaidi ya 30 muji uliishi na shimo lililofungwa: wazee waliolifanyia kazi, vijana wasiojua sauti yake. Mwezi wa 6 mwaka 2024 lilitoa zinki yake ya kwanza tangu lisimame, chini ya kampuni KICO, ambayo ni ya Ivanhoe Mines ya Kanada pamoja na Gécamines.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema mambo mawili yanayohusu kikapu, hata kama kikapu hakikutajwa humo. La kwanza, kampuni ya madini inatenga asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na shimo. La pili, katika mrabaha ambao kampuni inalipa kwa madini iliyouza, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya utawala wa mahali madini yanapotoka. Juu ya hayo kuna mkataba wa majukumu, cahier des charges, ambao kampuni inasaini na wakaaji, na ndani yake miradi inaandikwa moja kwa moja: kisima, shule, kituo cha afya, barabara.

Ukumbi wa michezo unakuja nyuma ya maji katika orodha yoyote, na hakuna mama wa Kipushi atakayekubali vingine. Ni haki. Lakini orodha hizo zinaandikwa na watu wazima, na vijana, ambao ndio wengi wa wakaaji, mara nyingi wanasikia habari yake wakati imeshasainiwa. Union Minière, pamoja na ubaya wake wote, ilijua jambo moja: kambi isiyokuwa na mchezo siku ya posho inazaa ulevi na ugomvi. Ilijenga viwanja kwa faida yake yenyewe. Leo wakaaji wana sheria mkononi ambayo babu zao hawakuwa nayo.

Kuna kizuizi kingine, na hiki hakiko mikononi mwa Kipushi. BAL na Kigali zimeshikamana tangu siku ya kwanza, na maandishi ya Visit Rwanda yako juu ya jezi za ligi. Mwezi wa 3 mwaka 2024, kule Pretoria, Dynamo ya Bujumbura ilikataa kucheza na jezi hizo; ilishinda mechi yake ya kwanza maandishi yakiwa yamefunikwa, kisha ikapoteza mbili bila kucheza, na msimu wake ukaisha. Mwaka 2025 kundi la Nile lilichezwa Kigali kuanzia tarehe 17 mpaka 25 mwezi wa 5, miezi michache tu baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa na M23, waasi ambao Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanasaidiwa na Rwanda, jambo ambalo Kigali inalikana. Kama klabu ya Kongo ingekuwa katika kundi hilo, ingevaa nini? Ingesafiri? Hakuna aliyelazimika kujibu, kwa sababu klabu haikuwako. Siku Kongo itakapopita mchujo tena, kama vita haijaisha, wachezaji watapewa swali hilo kabla ya mpira kurushwa juu, na si haki kuwaachia wao peke yao walijibu.

Hata hivyo mlango haujafungwa kwa misumari. Kanuni za BAL zilipoanza zilidai kila ekipe iwe na wachezaji wasiopungua tisa wa inchi yake. Wageni hawakuruhusiwa kupita wanne. Yaani klabu ya Kongo ikiingia, ni Wakongomani tisa wanaoingia. Na tangu 2022 kila ekipe inapokea kijana mmoja kutoka chuo cha NBA kilichoko Saly, Senegali. Mmoja wa vijana wa kwanza wa mpango huo alikuwa Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, ambaye mwaka huo alivaa jezi ya Cobra Sport, ile ile iliyokuwa na Espoir Fukash katika kundi la Kairo. Alikuwa na miaka 15. Mwaka 2025 NBA ilimuchagua namba 10.

Miaka 15 ndiyo ya yule mtoto wa Kipushi tuliyeanza naye. Saa hizi yuko juu ya simenti, na anatazama mawingu.